Ukuta Haukuwa na Kosa

Mama Keki alikuja karakana kwa miguu, asubuhi kweupe, droo ameikumbatia kifuani na vijiko vyake bado vimo ndani. Alivuka nayo barabara, akapita mbele ya kinyozi na mshona viatu, vijiko vikilia kwa kila hatua, na kila aliyesikia aligeuka kutazama. Alipofika hakusalimu. Aliibwaga juu ya meza ya kazi, katikati ya vumbi la mbao, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri viti vyao.

“Milimita,” alisema, “hii ni droo au ni adhabu?”

Milimita lilikuwa jina la sifa. Fundi seremala yule alipachikwa na wateja wenyewe, kwa kuwa mlango aliouweka yeye ulijifunga kwa kidole kimoja. Mkewe, aliyepiga msasa na vanishi kila kitu kilichotoka katika karakana ile, walimwita Msasa, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Maneno yake nayo yalikwaruza kwanza, halafu ndipo mtu akaona faida yake.

“Karibu, mama,” alisema Msasa. “Kaa kwanza.”

“Sijaja kukaa. Nimeamka kuvuta droo mpaka bega linaniuma. Ziko sita. Mbili zinafunguka, tatu zinakwaruza kama paka mlangoni, na hii imenidondokea mguuni mara mbili. Nikifunga ya juu, ya chini inanitolea ulimi. Nina keki ya harusi ya Jumamosi, ya ngazi nne, na mwiko wangu nautoa kwa kuuchokoa na kisu!”

Mteja mmoja aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

Milimita aliinua droo, akatoa vijiko kimoja kimoja, akapitisha viganja vyake kwenye mbavu na pembe zake. Alifanya hivyo polepole, uso ameuelekeza pembeni, kama mtu anayesikiliza.

“Droo haina tatizo,” alisema. “Pembe zake ni pembe.”

“Basi tatizo liko wapi?”

Milimita alipangusa mikono kwenye suruali. Aliipangusa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

“Ukuta,” alisema. “Kabati limefungwa ukutani. Ukuta ukipinda, kabati linapinda nao. Mimi ningefanyaje?”

“Ukuta wa jikoni?”

“Huo huo.”

“Yaani mwashi uliyeniletea wewe mwenyewe, ukamsifu hapa hapa mpaka mate yakakukauka, ndiye aliyenipindia ukuta? Na sasa hivi yuko dukani kwangu, pale mbele ya nyumba, ananiwekea vigae?”

Msasa alimtazama mumewe akingoja aseme hapana, mambo hayajafika huko. Yule mwashi alikuwa rafiki yake wa kula sahani moja. Nyumba ngapi walikuwa wameingia pamoja, mmoja na sepeto, mwingine na msumeno? Lakini Milimita aliinamisha kichwa, akawa anavihesabu vijiko kwa vidole.

“Mimi simsemi mtu,” alisema. “Nasema ukuta.”

“Nimekuelewa.” Mama Keki alikuwa ameshageuka. Pale mlangoni alisimama kidogo. “Droo zangu nazitaka zimenyooka kabla ya Ijumaa. Na zile rafu za duka tulizozungumza, tutaongea nikishaona jikoni kwangu kumekuwa jikoni.”

Aliondoka bila vijiko vyake. Wale wateja wawili walitazamana. Mmoja aliinama akaanza kuukagua mguu wa kiti chake, kwanza kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, na Msasa aliona aibu kana kwamba wamekaguliwa wao.

* * *

Mwashi alifika saa sita. Hakuja na kelele. Aliweka chini ndoo yake, ndani yake mna sepeto, mwiko wa kupigia lipu na fulana ya kubadilisha, akavuta gogo akaketi. Saruji ilikuwa bado imemganda kwenye vidole.

“Shemeji, maji kama yapo,” alimwambia Msasa.

Alimletea. Alikunywa yote, akarudisha kikombe, akashukuru. Kisha akamgeukia Milimita, aliyekuwa anapiga randa ubao ambao, kwa macho ya Msasa, ulikwishalainika zamani.

“Nimemwagiwa unga,” alisema mwashi. “Vigae vimebaki mistari miwili. Mama Keki kanisimamisha mbele ya yule dada anayemsaidia, mbele ya muuza mitungi ya gesi, mbele ya jirani yake. Kaniita kanjanja. Kaniambia nimempindia ukuta, na aliyesema ni wewe.”

Randa iliendelea kulia.

“Milimita. Nazungumza na wewe.”

“Mimi sikutaja jina lako.”

“Ule ukuta una majina mangapi?”

Mwashi aliingiza mkono kwenye ndoo akatoa pimamaji yake, ile ndefu yenye vichupa vya maji ya kijani, akaiweka juu ya meza ya kazi taratibu.

“Twende sasa hivi,” alisema. “Mimi na wewe. Tuiweke ukutani pale. Ukinionyesha mahali palipopinda, nitaubomoa ukuta mzima kwa kucha, na nitaujenga upya bila kudai hata asante.”

“Nina kazi.”

“Kesho?”

“Kichwa kinaniuma siku hizi. Tutaona.”

Mwashi alimwangalia. Hasira ilikuwepo, ila uliomjaa zaidi usoni ulikuwa mshangao. Aliinuka, akabeba ndoo, akaiacha pimamaji pale pale mezani.

“Umeniangushia jumba bovu,” alisema. “Wewe, wa kunifanyia hivi? Mtu mwingine ningemwelewa. Shemeji, kwaheri.”

Msasa alimsindikiza hadi barabarani kwa macho. Alipogeuka, mumewe alikuwa anapapasa mezani akitafuta penseli. Ilikuwa karibu na mkono wake, njano kabisa, juu ya ubao mweupe.

Msasa alisogea, akaisukuma kidogo kwa kidole, na mumewe akaikuta.

* * *

Kesho yake asubuhi Msasa alimwambia mumewe anaenda kwa Mama Keki kumrudishia vijiko. Hakudanganya. Ila pamoja na vijiko alibeba droo, bisibisi, tepu, pimamaji ya mwashi, na ile karatasi ya vipimo ambayo Milimita aliichora kabla ya kukata mbao.

Mama Keki alimfungulia mlango akiwa na unga hadi kwenye nyusi.

“Fundi yuko wapi?”

“Mimi ndiye nimekuja.”

“Nimeomba fundi, naletewa mke wa fundi. Kwa hiyo na mimi nikishindwa keki ya harusi nimtume mume wangu akaimbe?”

“Kama anaimba vizuri, mtume,” alisema Msasa. “Nionyeshe ukuta, mama.”

Mama Keki alitaka kucheka, akajizuia, akampisha.

Jiko lilikuwa safi, lenye dirisha moja kubwa. Makabati mawili ya chini yalisimama ubavu kwa ubavu, kila moja na nafasi ya droo tatu. Kwa mbali yalipendeza, kwani ile vanishi ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa imekaa kama kioo. Kwa karibu nyuso za droo zilikuwa zimelala upande, kila moja na upande wake.

Alibandika pimamaji wima ukutani. Tone la hewa lilikimbia huku na huku, likatulia katikati. Aliihamisha juu, chini, pembeni, nyuma ya jiko la gesi. Kila mahali lilirudi katikati. Msasa hakuwa mwashi, lakini tone lile halikuhitaji mwashi kulielewa. Akaiweka juu ya makabati. Katikati. Mwili wa kabati nao haukuwa na neno.

Ndipo alipozitoa droo zote, akapiga magoti sakafuni, akaingiza kichwa ndani.

Reli zilikuwa mpya, skrubu zimekazwa vizuri. Lakini kando ya kila reli palikuwa na alama za penseli, na Msasa alizijua alama za mumewe kama anavyoujua mwandiko wa mama yake. Mstari wa Milimita ulikuwa mwembamba kama unywele, mmoja tu, haurudiwi. Hii ilikuwa minene, mitatu mitatu, imepandana, mingine imefutwa kwa kidole kilicholowa mate.

Alifungua karatasi, akavuta tepu. Kushoto, reli ya juu, kutoka chini: sentimita hamsini na mbili nukta tatu, kama karatasi inavyosema. Kulia: hamsini na mbili nukta nane. Akapima ya kati. Kushoto nukta sita, kulia nukta nane. Kabati la pili, vile vile. Mbavu za kushoto zote zilikuwa sahihi. Mbavu za kulia, penye tatu pamewekwa nane, na penye sita pamewekwa nane.

Alikaa kitako sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Aliikumbuka wiki ile. Mbavu za kushoto Milimita alizifanyia uani, jua linawaka. Za kulia alizifanyia ndani, mvua inanyesha, kiza cha mawingu kimejaa karakana. Akakumbuka na mengine, yakaja yote kwa mpigo. Chai iliyomwagwa kando ya kikombe. Simu anayompa kila mara, “nisomee, mikono yangu michafu.” Jinsi anavyoshuka ngazi siku hizi, akiitafuta kila moja kwa ncha ya kiatu. Na kichwa kinachomuuma kila jioni. Alikuwa anaona vitu hivi kwa miezi na kuviita uchovu.

“Vipi?” Mama Keki alisimama juu yake na bakuli la mayai. “Ukuta umepinda kiasi gani?”

Neno moja lingetosha. Angesema “kidogo”, angenyoosha reli, droo zingefunga, rafu za duka wangepewa, na jina la mumewe lingebaki lilivyo. Mwashi angepata kazi kwingine. Watu hupata.

“Ukuta hauna kosa, mama,” alisema Msasa.

“Unasemaje?”

“Ukuta umenyooka. Tazama mwenyewe.” Alimpa pimamaji. Mama Keki aliweka bakuli chini, akapima, akaangalia tone, akapima tena mahali pengine kwa ukaidi.

“Basi kosa ni la nani?”

“La kwetu.”

“La kwenu nyinyi? Nimemfukuza mtu mzima na familia yake, kwa maneno yenu!”

“Ndiyo. Na mwenyewe atakuja kukwambia kwa mdomo wake, kesho. Si mimi nitakayemsemea.” Msasa aliinuka, akapangusa magoti. “Kwa leo, nitakunyooshea mbili hizi za juu, upate pa kuweka miko yako.”

Alizinyoosha. Ilimchukua saa mbili na jasho jingi, na skrubu moja aliikaza akaifungua mara tatu, lakini zilipofungwa zilifungwa. Mama Keki hakusifu. Alivuta ya kwanza, akaifunga. Akavuta ya pili, akaifunga. Kisha akasema, kana kwamba anamsema mtu mwingine, “Kesho, basi. Na asije kuniletea habari za ukuta.”

* * *

Milimita alikuwa ameketi mlangoni akikunja ncha za misumari ya kiti kwa nyundo, kwa kupapasa. Msasa hakuzunguka. Alivuta tepu, akaishika mbele yake, kidole juu ya mstari mmoja.

“Hapa ni ngapi?”

“Nini hiki?”

“Nisomee tu.”

“Umeanza kunipima mimi? Katika karakana yangu?”

“Nakupima. Hapa ni ngapi?”

“Ondoa upuuzi wako hapa!” Nyundo ilidondoka. “Miaka yote hii nakata mbao, leo mwanamke anakuja kuniuliza namba kama mtoto wa chekechea?”

“Piga kelele utakavyo, mume wangu. Kinyozi ameshatusikia, mshona viatu naye yuko njiani. Ukimaliza, nisomee.”

Milimita aliitazama tepu. Aliirudisha nyuma, akaileta karibu, akageuza shingo kuutafuta mwanga. Msasa aliona jasho linamtoka juu ya mdomo.

“Nane,” alisema mwishowe.

“Ni tatu.”

Barabarani mtu alikuwa akiita wateja wa maji. Milimita aliikunja tepu polepole, akaitia mfukoni, akaitoa tena, kama haelewi iwekwe wapi.

“Umejua lini?” aliuliza.

“Leo. Wewe je?”

“Tangu mwaka uanze. Kwanza ilikuwa kama kioo cha bafuni, mtu akishaoga. Nikasema vumbi. Nikaosha. Nikabadilisha taa. Nikajifunza kupima kwa vidole, na kwenye jua mambo yalikwenda.” Alicheka kidogo, kicheko kikavu. “Halafu ikaja mvua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nikwambie nini? Kwamba Milimita haoni milimita? Si wangecheka mpaka walale chini! Nani angeniletea hata kibao cha kukatia vitunguu?”

“Mimi ningecheka?”

Milimita aliokota nyundo, akaiweka tena chini.

“Na mwashi?” Msasa aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

Milimita alifunika uso kwa viganja. Alipozungumza, maneno yalitoka katikati ya vidole.

“Ukuta hauna mdomo. Nilidhani nikiusingizia ukuta, simuumizi mtu.”

“Ukuta una mwashi.”

“Najua. Alipokuja pale na pimamaji yake, nilitaka ardhi inimeze. Nilipiga randa tu ili nisiisikie sauti yake.”

Msasa aliketi kando yake kwenye kizingiti. Hakumkumbatia. Hawakuwa watu wa kukumbatiana mchana, barabarani. Aliweka bega lake likagusa bega la mumewe, likabaki hapo.

“Kesho tunakwenda,” alisema. “Kwanza kwa mwashi. Halafu kwa Mama Keki. Halafu kwenye macho. Kwa mpangilio huo.”

“Na nikikataa?”

“Hutakataa. Nimeshamwahidi Mama Keki utakuja, na wewe hujawahi kuchelewa kwa mteja.”

* * *

Walimkuta mwashi nje kwake, anafua nguo za kazi kwenye beseni. Aliwaona, akaendelea kufua.

Milimita alisimama wima, mikono kando, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Alikuwa ameandaa maneno mengi usiku kucha. Yote yalimkimbia.

“Mimi sioni,” alisema. “Macho yamekufa nusu. Nilipima vibaya, nikasema ni ukuta wako. Ukuta wako umenyooka.”

Mwashi aliiacha fulana ndani ya povu.

“Huoni?”

“Wewe hapo ni kama nguo iliyoanikwa. Nakujua kwa sauti.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka uanze.”

“Na tukajenga nyumba tatu pamoja, tukala pamoja, usiniambie?” Sauti ilimpanda mwashi kwa mara ya kwanza. “Ningekusomea vipimo mimi! Ningepungukiwa nini? Ulikuwa radhi nife njaa kuliko mimi nijue?”

“Niliona aibu.”

“Aibu yako umenivisha mimi.”

Milimita alisogea hatua moja. “Nisamehe.”

Mwashi aliikamua fulana, akaikamua tena ingawa hapakuwa na tone lililobaki, akaianika. Aliwapa mgongo kwa muda huo wote.

“Nimekusikia,” alisema. “Kukusamehe, bado. Hilo litakuja lenyewe, usilisukume. Ila nakwenda na nyinyi. Nataka niwepo ukimwambia.”

Wakaenda watatu, mwashi mbele, miguu yake bado na maji ya sabuni. Hakuongea njia nzima. Lakini walipofika kwenye mtaro ulioachwa wazi alisimama, bila kugeuka, akasema, “Shimo hapa, kushoto,” kisha akaendelea.

* * *

Mama Keki aliwasikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni. Milimita alimwambia kinagaubaga, bila kupaka rangi. Alisema tatu, alisema nane, alisema mvua.

“Ulijua huoni,” Mama Keki alisema, “na ukachukua kazi ya jikoni kwangu.”

“Nilijua.”

“Rafu za duka sikupi.”

“Ni haki yako.”

Msasa alipiga hesabu. Kazi ya rafu ingewapeleka miezi. Lakini alimtazama mumewe na kuona amesimama vile vile, hajashuka bega, na akapata nguvu.

Mama Keki alimgeukia mwashi. Alipangusa mikono kwenye aproni, akatazama dirishani.

“Vigae vyako vimebaki mistari miwili,” alisema. “Unaweza kurudi. Mimi... nilisikia vibaya.”

“Hukusikia vibaya, mama. Ulisikia vizuri kabisa, ukaamini bila kuja na mimi kupima,” mwashi alisema, kwa upole. “Na uliniita kanjanja mbele ya watu watatu.”

“Sasa unataka nini?”

“Watu watatu hao.”

“Nikawatafute?”

“Dada yako yule yuko hapo nje anaosha sufuria. Jirani yako namsikia anaongea na simu. Muuza gesi nitakusamehe, ana haraka zake.”

Mama Keki alibaki mdomo wazi. Uso ulimwiva. Kisha alitembea hadi mlango wa nyuma, akaufungua, akaita kwa sauti ya mtu anayeuza: “Njooni! Wewe, na wewe jirani, acha simu kidogo!” Walipokuja alisema kwa mkupuo, akitazama juu ya vichwa vyao: “Huyu mwashi hakunipindia ukuta. Ukuta umenyooka. Nilimkosea. Haya, kila mtu arudi kwenye shughuli zake.”

“Asante,” alisema mwashi. “Nitaanza vigae mchana.”

Zilibaki droo nne. Msasa alitoa tepu, lakini Milimita alimshika mkono.

“Weka hiyo,” alisema. “Nipe kipande cha mbao, upana wa kiganja. Kikate kiwe sawasawa na urefu wa kutoka chini mpaka reli ya kushoto, ile iliyo sahihi. Usinisomee namba. Kikate tu kiingie pale bila kucheza.”

Msasa alikata. Milimita alikichukua, akakiingiza chini ya reli ya kushoto, akapitisha kidole. Akatoa punje ya mbao kwa patasi. Akarudisha. Kisha akakihamishia upande wa kulia, akaiteremsha reli mpaka ikaketi juu yake.

“Kaza hapo. Mbao haina tatu wala nane. Kilichotoka kushoto ndicho kinachoingia kulia.”

“Mbona matundu ya zamani yamepandana na mapya? Skrubu haitauma.”

“Chonga vijiti, paka gundi, ziba matundu. Vikishika, kata sawa na ubavu, ndipo utoboe upya. Na usiwe na haraka ya kutoboa, nakujua.”

“Haraka yangu ndiyo iliyonyoosha mbili za jana.”

“Za jana nimezigusa. Ya pili imebana kulia.”

“Kiasi gani?”

“Unywele.”

Msasa aliguna, akachukua bisibisi, akailegeza ile ya jana unywele mmoja. Walifanya kazi mpaka jua likahama dirishani, yeye ndani ya kabati na mumewe nje, wakibishana kwa sauti za chini. Walitenganisha nyuso za droo kwa sarafu ili nafasi zilingane. Mwashi alipita mara moja kuchota maji, akasimama, akainama kutazama.

“Ya chini kushoto,” alisema, “imezidi mbele.”

“Wacha uongo,” alisema Milimita, akapapasa. Ilikuwa imezidi. “Ah. Kweli.”

Mwashi alichota maji yake akaondoka. Hakutabasamu, lakini alichelewa kidogo kuondoka.

Walipomaliza, Mama Keki alijaza droo vyombo vyote, vizito vikiwa chini, akazivuta kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokwaruza. Alizifungua zote sita kwa pamoja, akazifunga kwa nyonga.

“Nani aliyefanya hizi?” aliuliza.

“Sisi,” walisema wote wawili, Milimita akitangulia kidogo.

“Hmm,” alisema Mama Keki. Hakurudisha habari za rafu. Aliwafungia kila mmoja kipande cha keki kwenye karatasi, na mwashi akapata viwili.

* * *

Siku iliyofuata, kliniki ya macho ilijaa. Walikaa kwenye benchi refu, wakisogea kadiri benchi lilivyopungua. Ilipofika zamu yao, nesi alimsimamisha Milimita mbele ya ubao wa herufi, mbele ya watu wote wa benchi.

“Soma ya juu kabisa.”

Siku nyingine angekisia. Angesema E, maana kila mtu anajua huanza na E.

“Sioni,” alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

“Sogea hatua mbili.”

“Sioni.”

“Mbili tena.”

“Hapo naona kitu cheusi. Kinaweza kuwa E, kinaweza kuwa ngazi.”

Benchi lilicheka, na yeye akacheka nao. Daktari alimwangalia kwa taa, jicho hili na jicho lile, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba hutolewa. Wataanza na la kulia, wiki sita zijazo, kisha la pili. Mpaka wakati huo asipande ngazi na asishike msumeno wa umeme.

“Na bisibisi?” aliuliza Milimita.

“Bisibisi, kama kuna mwenye macho karibu.”

“Yupo.”

Nesi aliwaita mezani kwake kuwaandikia tarehe. Aliishika droo ya meza akavuta. Haikuja. Akavuta kwa mikono miwili, ikatoka nusu kwa mlio mkali, akaingiza vidole akanyofoa kadi, kisha akaisukuma kwa goti. Ikagoma.

Milimita aliinua kichwa.

“Reli ya kushoto imeshuka nyuma,” alisema. “Skrubu moja imekatika.”

Nesi alimkazia macho. “Si umesema huoni?”

“Sioni. Nasikia.”

Msasa alikuwa ameshafungua mkoba wake, bisibisi mkononi.

“Jamani, hapa ni hospitali,” alisema nesi. Aliangalia droo yake ikining’inia mdomo wazi, akaangalia benchi la watu, akainama akapunguza sauti. “Itachukua dakika ngapi?”